Daftari la Mzazi: Deni la Chuo Lipimwe kwa Mshahara wa Kwanza



Mwezi huu tuliahidi kuzungumzia namna ya kuwalea watoto wasiisahau lugha yao. Tunaomba radhi kwamba mazungumzo hayo tumeyaahirisha, kwa sababu limetufikia swali lisiloweza kungoja. Baba mmoja, jirani yetu hapa Al Sadd, alitusimamisha baada ya sala ya Ijumaa. Binti yake wa kwanza amemaliza shule ya sekondari hapa Doha kwa mtaala wa Kiingereza, na amepata nafasi ya kusomea stashahada ya radiolojia, yaani kazi ya kupiga picha za mwili kwa mionzi, katika chuo cha binafsi huko kwetu Tanzania. Masomo ni ya miaka mitatu. Ada, malazi, chakula na nauli, vyote kwa jumla, baba amevikadiria kuwa riali 24,000. Benki inayopokea mshahara wake iko tayari kumkopesha fedha hizo zote kwa mkupuo. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, nikope au nisikope?"

Tulimwomba atupe juma moja. Majibu tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa ruhusa yake, kwa kuwa tunajua si yeye peke yake aliye na swali hili mfukoni.

Awali ya yote, hatuna budi kukiri kosa letu. Sisi tuliosoma chuo kikuu katika miaka ya 1980, kabla ya sera ya kuchangia gharama kushika kasi, tulisomeshwa na serikali, na hatukujua deni la masomo lina uzito gani. Tulipokuwa walimu tukawafundisha vijana, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba elimu ni shahada, na kwamba stashahada ni njia ya walioshindwa. Tunamkumbuka mwanafunzi wetu mmoja aliyetaka kusomea maabara. Tulimshauri asubiri, arudie mtihani, aende chuo kikuu. Alirudia mara mbili, na chuo kikuu hakukipata. Mwenzake wa dawati moja alikwenda chuo cha maabara mwaka ule ule, akaajiriwa, akawasomesha wadogo zake watatu. Tangu siku tulipozipata habari hizo, hatumshauri mtoto yeyote kwa fahari yetu sisi.

Na wala kazi hizi si ndogo. Mzazi aliyewahi kukimbia usiku na mtoto mwenye homa hadi kituo cha dharura cha watoto hapa Al Sadd anajua kwamba daktari alimwona kwa dakika chache tu. Damu ilipimwa na mtu wa maabara, picha ya kifua ikapigwa na mtu wa mionzi, dawa ikatolewa na mtu wa famasia. Watu hawa, pamoja na wale wa tiba ya viungo, wa usafi wa kinywa na meno, na wa tiba ya upumuaji, ndio wanaoitwa kada za afya na sayansi shirikishi. Kwetu Afrika Mashariki wengi wao huanza na stashahada ya miaka mitatu, na Marekani baadhi yao huanza na shahada ndogo ya miaka miwili. Kwa hiyo hatuulizi kama kazi ni njema. Tunauliza deni gani linaistahili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulikaa na baba huyu, tukafungua daftari. Mshahara wake ni riali 7,000 kwa mwezi, na nyumba anapewa na kampuni. Chakula na usafiri vinakula 2,600. Ada ya watoto wawili waliobaki ni 2,000. Wazazi wake nyumbani huwapelekea 1,000. Simu, nguo, dawa na dharura ndogondogo, 700. Jumla ni 6,300. Kinachobaki ni riali 700.

Sasa tutazame mkopo. Tuseme benki inatoza asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, na mkopo ni wa miezi 48. Riali 24,000 zitalipwa kwa karibu riali 564 kila mwezi, na hadi mwisho atakuwa amelipa karibu riali 27,000. Benki haioni tatizo. Kanuni iliyowekwa na Benki Kuu ya Qatar mwaka 2011 ilimruhusu mgeni kukopa hadi riali 400,000, mradi makato yasizidi nusu ya mshahara. Nusu ya mshahara wa jirani yetu ni 3,500. Lakini daftari lake linasema ana 700 tu. Hapa pana somo la kwanza: kiwango cha benki hupimwa kwa usalama wa benki, na kiwango cha nyumba hupimwa kwa sufuria iliyo jikoni. Vipimo hivi viwili havilingani, na mzazi asikichukue kile akakidhani ni hiki.

Somo la pili ndilo zito zaidi. Mkopo wa benki huanza kulipwa mwezi unaofuata. Binti atasoma miaka mitatu, yaani miezi 36. Siku atakapovaa joho, baba atakuwa amekwisha kulipa makato 36 kati ya 48. Hata binti akipata kazi siku hiyo hiyo, jambo ambalo ni nadra, atayakuta makato 12 tu. Maana yake ni kwamba mkopo huu, kwa sehemu kubwa, haulipwi na mshahara wa binti. Unalipwa na mkataba wa baba. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi wa Doha si "mwanangu atalipwa kiasi gani?" bali ni "je, kazi yangu itadumu miaka minne?"

Kati yetu nani anaweza kuliapia hilo? Mikataba huvunjwa, miradi huisha, afya hupungua. Na hapa Qatar deni lisilolipwa si aibu ya mtaani tu. Mkopeshaji anaweza kwenda mahakamani kuomba mdaiwa azuiwe kuondoka nchini. Mara nyingi benki hutaka pia mafao ya mwisho wa kazi yapitie mikononi mwake. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mafao yasiyopungua mshahara wa msingi wa majuma matatu kwa kila mwaka wa utumishi. Wengi wetu tunayahesabu mafao hayo mara mbili: mara moja kama nyumba ya uzeeni, na mara ya pili kama dhamana ya mkopo. Fedha moja haiwezi kujenga nyumba na kulipa benki. Ama kuhusu riba, tunawaachia masheikh waseme, maana wao ndio wenye elimu hiyo. Tunalosema sisi ni kwamba hata mkopo wa murabaha usio na riba huja na makato ya kila mwezi, na makato hayaulizi kama umeamka na kazi.

Sasa natutazame mikopo ya kwetu nyumbani, ambayo wazazi wengi hapa wanaisahau. Kenya ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, tangu mwaka 1995, na wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927, huomba mkopo huko. Riba yake ni asilimia 4. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Tanzania ina HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa miaka mingi wenye stashahada walikaa pembeni, lakini tangu mwaka wa masomo 2023/2024 bodi hiyo imekuwa ikitoa mikopo pia kwa stashahada za kada za kipaumbele, zikiwamo za afya na sayansi shirikishi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya wengi walipe bila kuona deni likipungua, ilifutwa mwaka 2021. Zanzibar nayo ina bodi yake tangu 2011.

Tofauti kubwa ya mikopo hii haiko kwenye riba tu. Mkopo huu unamngoja mwanafunzi. Kwa mwajiriwa wa Tanzania makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asiye na mshahara hana cha kukatwa siku hiyo. Hatusemi kwamba ni mzigo mwepesi. Tuseme binti anaanza kazi kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Makato yatakuwa 90,000. Kama amekopa shilingi milioni 16.8, atalipa kwa zaidi ya miaka 15. Ataolewa akilipa, atazaa akilipa, na mtoto wake ataingia sekondari akilipa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hata hivyo, deni hilo haliwezi kumfukuza baba yake nyumbani Al Sadd.

Je, kiasi gani basi ni cha kukopa? Wako wanaofuata kanuni nyepesi, nasi tunaikubali: deni lote la masomo lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Kanuni ni njema, lakini sisi wahamiaji huipindua bila kujua. Tuchukue riali moja kuwa shilingi 700, kwa urahisi wa hesabu. Riali 24,000 ni shilingi milioni 16.8. Ukipima deni hilo kwa mshahara wa fundi wa mionzi hapa Doha, tuseme riali 5,000, utaona ni mishahara ya miezi mitano isiyofika, na utacheka. Ukilipima kwa shilingi 600,000 za nyumbani, ni mishahara ya miezi 28 bila kula wala kuvaa. Deni ni lile lile. Kilichobadilika ni kipimo.

Na binti huyu hataanzia Doha. Hili tunalisisitiza, kwa sababu wazazi wengi wanakopa kwa mshahara wa nyumbani huku wakiota mshahara wa hapa. Ili aruhusiwe kufanya kazi ya afya Qatar, mhitimu lazima apate leseni ya Idara ya Taaluma za Afya iliyo chini ya Wizara ya Afya ya Umma. Vyeti vyake vitahakikiwa na DataFlow, ambao huandika moja kwa moja kwa chuo na kwa mwajiri aliyepita. Atafanya mtihani wa kompyuta wa Prometric kwa kada nyingi. Atatakiwa awe amesajiliwa na kufanya kazi kwanza. Saudia, Oman na Falme za Kiarabu nazo zina milango yao inayofanana na huu. Kila mlango una ada yake na muda wake. Kwa hiyo mshahara wa kwanza wa kupimia deni ni ule wa hospitali ya mkoa au zahanati ya binafsi nyumbani. Wa Doha, ukija, uwe faida. Kwa kipimo hicho, mshahara wa mwaka wa kwanza ni shilingi milioni 7.2, yaani zaidi kidogo ya riali 10,000. Huo ndio mpaka wa deni lake, wala si 24,000.

Wako watakaosema: mpeleke Marekani kwa shangazi yake, asome miaka miwili, alipwe dola. Tumelitazama hilo pia. Mikopo ya serikali ya Marekani hutolewa kwa raia na kwa wakazi wenye hadhi maalumu. Kijana anayeingia kwa viza ya masomo haimhusu. Hata mwenye haki nayo, akiwa bado anamtegemea mzazi, kikomo chake ni dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili. Kinachobaki hutoka kwa mzazi au kwa mkopeshaji binafsi. Tena neno "afya" huficha mengi. Kwa takwimu za serikali yao za Mei 2023, mshahara wa kati wa mtaalamu wa usafi wa kinywa na meno ulizidi dola 87,000 kwa mwaka, na wa msaidizi wa kliniki ulikuwa karibu 42,000. Wote wanavaa sare ya hospitali, lakini mmoja analipwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Asiulize mtu "kazi ya afya inalipa?" bali aitaje kada kwa jina lake.

Na tusidhani matangazo ya uongo ni ya kwetu tu. Huko huko Marekani kulikuwa na kampuni ya vyuo iliyoitwa Corinthian Colleges, iliyofundisha kada za afya kwa ada kubwa na kuwavutia watu kwa takwimu za ajira zisizo za kweli. Vyuo vyake vya mwisho vilifungwa Aprili 2015. Ilipofika Juni 2022 serikali ilitangaza kuwafutia wanafunzi wake wa zamani wapatao 560,000 madeni ya dola bilioni 5.8. Walisamehewa deni, lakini miaka yao haikurudishwa. Basi mzazi, kabla hujalipa hata riali moja, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET kwa upande wa Tanzania. Hakikisha pia baraza au bodi ya kada husika inawapokea wahitimu wake, kama ilivyo KMLTTB kwa watu wa maabara wa Kenya. Aliyesoma mtaala wa kigeni huku atahitaji pia ulinganisho wa vyeti kutoka NECTA, nao uombwe mapema. Cheti kisichosajiliwa kina deni lile lile la cheti kilichosajiliwa, ila mshahara hakina.

Tusiisahau pia njia iliyo mlangoni petu. Chuo kilichofunguliwa hapa mwaka 2002 kwa jina la College of the North Atlantic – Qatar, na ambacho tangu 2022 ni Chuo Kikuu cha Doha cha Sayansi na Teknolojia, kimekuwa kikifundisha kada hizi hizi. Ada yake ni ya kuulizwa kwanza, lakini mtoto anayelala kwao hana kodi ya chumba wala nauli ya ndege. Gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu kabla ya kuamua.

Turudi kwa jirani yetu. Tulipolitazama tena daftari lake tuliona jambo ambalo yeye na sisi tulikuwa tumelipita. Riali 24,000 kwa miaka mitatu ni 8,000 kwa mwaka. Na zile 700 zinazobaki kila mwezi zinafika 8,400 kwa mwaka. Chuo hakidai ada ya miaka mitatu kwa mkupuo, bali hudai kwa mihula. Benki ilikuwa imemuuzia, kwa riali 3,000, haraka ambayo chuo hakikuiomba. Muhula wa kwanza anaweza kuulipa kwa zamu yake ya upatu, inayomfikia mwezi ujao.

Ushauri wetu basi ukawa huu. Asikope benki. Binti aombe kwanza nafasi katika chuo cha serikali, na aombe mkopo wa HESLB kwa kiasi cha ada tu, usiovuka mpaka ule wa mshahara wa mwaka mmoja. Chakula na malazi vitoke kwenye zile 700, muhula kwa muhula. Mkopo ukikosekana, njia ya mihula bado ipo, ingawa itabana.

Juzi tulikwenda kwao kulisoma daftari mbele ya familia nzima. Binti alitupa shikamoo, akakaa kimya kando ya mama yake, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba kalamu. "Mwalimu," akasema, "mwaka wa kusubiri kazi umeuandika wapi?"

Hatukuwa tumeuandika. Tuliweka miaka mitatu ya chuo, na baada yake moja kwa moja mshahara, kana kwamba ajira inangoja langoni. Akaongeza mstari wa nne kwa mwandiko wake: miezi 12, chakula, nauli za kutafuta kazi, ada ya usajili. Baba yake aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Hakusema kitu juu ya benki. Aliuliza tu kama ile safari ya likizo ya mwaka ujao inaweza kungoja, na mkewe akajibu kwamba inaweza.

Wasomaji wenye mtoto anayekaribia hatua hii, tunawaomba jambo moja: msifunge hesabu kabla ya kumpa yeye kalamu. Mazungumzo ya lugha ya watoto, inshallah, mwezi ujao.